Mkato Mmoja: Shajara ya Mavazi Manane ya Kanga

Jumatatu, 15 Januari 2024

Leo nimeanza rasmi. Shindano la wabunifu chipukizi ninaloliwania linamtaka kila mshiriki alete mavazi manane yatakayopanda jukwaani mwezi Julai, pamoja na maelezo ya namna kila vazi lilivyofikiriwa na kushonwa, na shajara hii ndiyo nitakayoyachota humo maelezo hayo wakati utakapofika. Kitambaa nilikwisha kukichagua kabla hata ya kusoma masharti. Ni kanga, na sitaichanganya na satini wala shifoni ili ionekane ya kisasa.

Nafahamu kwamba njia hii ina wenyewe. Asia Idarous Khamsin ameipandisha kanga jukwaani kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, na Christine Mhando aliipeleka London kwa lebo yake ya Chichia. Hata hivyo, nguo nyingi za kanga ninazoziona mitaani zimekatwa kama kitambaa chochote cha kupimwa kwa mita: jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, limemezwa na mshono wa ubavuni, pindo limekatwa nusu na nusu yake iko chini ya meza ya fundi, na mvaaji amebakiwa na maua tu. Kanga ina pindo pembezoni, mji katikati, na jina. Ukiondoa viwili katika hivyo, ulichobaki nacho ni pamba yenye rangi.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti moja, ambalo huenda nikalijutia: kila kanga itapigwa mkasi mara moja tu, kwa mkato ulionyooka, na jina lake litabaki zima, likisomeka na mtu aliyesimama hatua tatu nyuma ya mvaaji. Vazi moja litatoka katika doti moja, yaani kanga mbili. Mavazi manane, doti nane, na hakuna kipande kitakachofagiliwa.

Alhamisi, 1 Februari

Nimeshinda Mtaa wa Uhuru tangu asubuhi, nikiwa na tepu mfukoni, nikawachosha wauzaji wawili watatu kwa kupima kila doti kabla ya kuuliza bei. Kanga inasemwa kuwa na urefu wa sentimita 150 na upana wa 110, lakini hayo ni makadirio ya mdomoni. Nimekuta zenye upungufu wa sentimita nne na zenye ziada ya mbili, tena katika rundo moja.

Nimejifunza jambo jingine ambalo kila mwanamke aliyewahi kupinda kanga analijua na mimi, pamoja na cheti changu cha ushonaji, sikuwahi kulitilia maanani. Doti huuzwa ikiwa haijatenganishwa. Ukiichana kwa mkono, mpasuko hufuata uzi wa kitambaa. Ukiikata kwa mkasi, mkono hufuata mstari wa chapa. Mambo hayo mawili mara nyingi hayaendi pamoja, kwa sababu chapa imegongwa ikiwa imeinama kidogo kuliko ufumaji. Anayejifunga kanga kiunoni hapati shida yoyote. Kwangu mimi, ambaye nataka jina likae mgongoni limenyooka kama mstari wa daftari, sentimita mbili za mwinamo ni aibu. Kati ya doti kumi na nne nilizozikunjua leo, nimenunua tano.

Sampuli ya kwanza nimeikata kwa marekani, kama desturi ya mafundi ilivyo. Inanifurahisha kila mara kwamba kitambaa hiki cha bei nafuu cha kujaribia bado kinabeba jina la nchi kilikotoka katika karne ya 19, wakati meli za Salem, Massachusetts, zilipokuwa zikikileta Unguja na kuondoka na pembe na sandarusi. Umeme umekatika saa nane mchana kwa mgao, na fundi mwenzangu amemalizia kwa cherehani ya mguu bila kuinua kichwa.

Jumanne, 20 Februari

Vazi namba moja limekwisha, na halifai. Niliunganisha kanga mbili mabegani, nikaacha mpasuo wa shingo, majina yote mawili yakaangukia karibu na upindo wa chini, mbele na nyuma. Nilipomwonyesha fundi, mtu wa makamo aliyeshona kanzu Kariakoo tangu ujana wake, alilizungusha kwenye mwanasesere mara moja tu kisha akasema: “Mwanangu, hili ni dera.” Sikuwa na la kumjibu. Ni dera kweli, na dera halihitaji shindano.

Tatizo ni hili. Jina huandikwa upande wa chini wa mji, juu kidogo ya pindo, hivyo ukiivalisha kanga kwa namna yoyote ya kawaida maneno hushuka magotini. Ukiipindua ili maneno yapande juu, herufi husimama kwa vichwa. Nimelala na jambo hili kwa wiki nzima.

Ufumbuzi umetoka kwenye kanzu. Fundi alinikunjulia kanzu kuukuu ya baba yake na kunionyesha kwamba karibu yote imejengwa kwa pande zilizonyooka: mwili, mikono, taharizi za ubavuni, na kile kipande kidogo cha mraba kinachoitwa kikwapa, ambacho ndicho kinachomwezesha mtu kuinua mkono bila kuinua nguo nzima. Wazee hawakuwa na kitambaa cha kuchezea, na hesabu yao ilikuwa safi kuliko yangu.

Basi nikaichukua kanga moja na kuikata kwa mlalo, sentimita 45 kutoka ukingo wa chini. Nilipata utepe mpana wenye urefu wote wa 150, ukiwa na pindo chini na jina katikati. Ncha zake mbili nikazikunja na kuzishona kuwa mikono. Sehemu ya kati ikabaki wazi, ikakaa mgongoni, na jina likatulia baina ya mafupa ya mabega, herufi zikiwa zimesimama kwa miguu. Kile kipande kikubwa kilichobaki, cha 150 kwa 65, nikakitia marinda na kukining’iniza chini ya utepe kama mwili wa koti lililo wazi mbele. Kanga ya pili ya doti haikukatwa kabisa: imekuwa sketi ya kujifunga. Kikwapa nimekitoa kwenye kaniki, ile pamba nyeusi isiyo na maua, kwa sababu sharti langu linahusu kanga, halikusema lolote kuhusu kaniki.

Fundi hakusema kitu. Aliliangalia koti, akaenda kunywa chai.

Jumamosi, 2 Machi

Nimefanya kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Makoti mawili niliyoyashona kwa furaha ya wiki iliyopita niliyafua jana ili kuondoa wanga wa kiwandani, na leo yote mawili yamerudi. Urefu umepungua kwa sentimita tano, upana kwa mbili, kwa hiyo utepe umevutika kuelekea mkono wa kushoto na jina “Japo sipati tamaa sikati” sasa linapanda mlima. Koti jekundu, zaidi ya hayo, limechuja rangi kwenye kikwapa, lakini kaniki kwa weusi wake imeificha aibu hiyo.

Kanga mpya na kanga iliyokwisha kufuliwa ni vitambaa viwili. Ile mpya ni ngumu, inashika mikunjo na inamdanganya mkataji. Ya pili inalegea na kumfuata mwili. Kuanzia leo kila doti italazwa katika maji ya chumvi usiku kucha, itafuliwa mara tatu, itapigwa pasi, ndipo ipimwe. Utaratibu huu utakula siku nne kwa kila doti. Heri siku nne kuliko doti.

Nimetoa pia kanga mbili za bibi zilizokuwa sandukuni, za kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China. Pamba yake ni nzito, na hata baada ya miaka yote hiyo rangi ya chungwa haijasaliti. Sitazikata. Nimezitundika ukutani ili zinikumbushe uzito ninaoutafuta. Habari njema ya mwezi ni kwamba mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere umeingizwa kwenye gridi mwishoni mwa Februari, na karakana yetu imeona umeme siku sita mfululizo.

Jumatano, 27 Machi

Tuko katikati ya Ramadhani, kazi inafanyika usiku baada ya futari, na usiku huu haukutumika kushona bali kujadiliana kuhusu majina.

Nilikuwa nimechagua doti zangu kwa rangi na kwa unyoofu wa chapa. Shangazi yangu, aliyekuja kufuturu nasi, alizisoma moja baada ya nyingine huku akizipanga katika mafungu mawili juu ya mkeka, na sikuelewa msingi wa mpangilio wake mpaka alipomaliza. Fungu la kwanza lilikuwa la kanga ambazo mtu anaweza kuzivaa popote: “Wema hauozi”, “Kawia ufike”, “Mkipendana mambo huwa sawa”, “Sisi sote abiria dereva ni Mungu”. Fungu la pili lilikuwa la kanga ambazo, kwa maneno yake, zinavaliwa na mtu anayejua anamvalia nani: “Hasidi hana sababu”, “Usisafirie nyota ya mwenzio”, “Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake”. Kisha akaniuliza swali ambalo halimo katika fomu ya shindano: “Wewe unapomvalisha mtoto wa watu maneno haya mgongoni, anayesema ni nani, wewe au yeye?”

Ni swali zito kuliko linavyoonekana. Kanga kiunoni au begani huvaliwa na mtu aliyeichagua mwenyewe, aliyeletewa zawadi na mumewe, au aliyegawiwa shughulini pamoja na wenzake wa sare, na kila mmoja wa hao anajua ujumbe umetoka wapi. Jina lenyewe lilianza kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, nalo linahusishwa na Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule ambaye kanga zake bado zinajulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla”. Mwanzo maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Tangu hapo mwanamke ameweza kumwambia jirani yake jambo bila kufungua kinywa, na jirani akajifanya hakuliona. Jina likiwa karibu na magoti lina nafasi ya kujificha katika mikunjo. Mimi nimelipandisha mgongoni na kulinyoosha, na kwa kufanya hivyo nimeiondoa ile nafasi ya kujifanya.

Nilimjibu shangazi kwamba sijui. Alicheka, akasema ni afadhali kuliko ningesema najua. Tumekubaliana kwamba nitachanganya: makoti manne kutoka fungu la kwanza na matatu kutoka la pili. La nane bado liko wazi.

Jumamosi, 4 Mei

Nilipaswa kuwa Unguja leo. Kimbunga Hidaya kimefika pwani yetu upande wa Mafia, safari za boti zimesitishwa, na paa la karakana linavuja juu ya meza ya kukatia. Tumezifunika doti zilizofuliwa kwa turubai. Hakuna kingine cha kuandika.

Jumapili, 19 Mei

Hatimaye nimevuka, na nimerudi na kisutu.

Vazi la nane limekuwa likinisumbua kwa sababu makoti saba yote yanaongea, na jukwaa zima la watu wanaoongea linachosha. Kisutu ni miongoni mwa miundo ya kanga ya zamani sana: nyekundu, nyeusi na nyeupe, ile ambayo bibi harusi huvalishwa, na kwa asili yake haina jina. Nilipata doti mbili Darajani kwa muuzaji aliyesisitiza kunionyesha kwanza kisutu kilichoongezwa maneno, maana ndicho kinachouzika. Nilichukua kile kisicho na maneno.

Kwa vazi hili nimebadilisha ujenzi. Wanawake wa Unguja katika karne ya 19 walinunua leso za Kireno, zile za kufutia jasho, zikiwa bado hazijatenganishwa, wakachukua sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata shuka moja yenye mraba sita. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuchapa shuka hiyo ikiwa nzima, na hapo ndipo kanga ilipoanzia. Mombasa hadi leo wanaiita leso. Vazi la nane litakuwa joho lenye mishono inayoonekana kwa nje, iliyopangwa mahali ambapo miungo ya leso zile sita ingekuwa, ingawa kitambaa chenyewe hakijakatwa. Ni mishono isiyounga kitu. Fundi ameniuliza kama nina homa.

Jumanne, 25 Juni

Maduka ya Kariakoo yamefungwa tangu jana kwa mgomo wa wafanyabiashara, na zipu za sketi nane ziko ndani ya duka moja kati ya hayo. Nilikasirika kwa muda wa saa mbili. Kisha nikazitazama sketi zenyewe, ambazo ni kanga nzima zisizokatwa, nikajiuliza zipu ilitafuta nini pale tangu awali. Kanga hufungwa kwa fundo au hupachikwa kiunoni. Nimeondoa zipu katika michoro yote na badala yake nimetia mkanda mwembamba wa kaniki ndani ya kiuno, usioonekana, ili fundo lisilegee mwanamitindo anapotembea. Ndilo badiliko bora la mradi mzima, na sikulibuni mimi.

Jumapili, 21 Julai

Onyesho lilikuwa jana usiku. Naandika kabla sijasahau utaratibu wa mambo.

Nusu saa kabla ya zamu yetu, msichana aliyepangiwa koti namba tano alilivua. Alikuwa amechungulia ukumbini na kumwona wifi yake katika mstari wa pili, na koti lilikuwa lile la “Hasidi hana sababu”. “Dada, hili silivai,” aliniambia kwa sauti ya chini kabisa. “Nikigeuka tu pale mbele, nimeshamtukana.” Sikubishana naye, kwa sababu alikuwa na haki na kwa sababu ndilo swali la shangazi lilelile likiwa limerudi na miguu miwili. Tukatafuta msichana asiye na ndugu ukumbini, wakabadilishana, yeye akapanda na “Wema hauozi”. Sketi ya kufunga haina namba ya mwili, kwa hiyo mabadilishano yalichukua dakika tatu. Nguo yenye zipu ingetuumbua.

Wanamitindo walitoka kwa mpangilio nilioutaka: wote saba walisimama wameupa ukumbi mgongo, majina saba yakasomwa kwa pamoja na watu wakaanza kunong’onezana, wengine kucheka. Kisha joho la kisutu likapita katikati yao bila neno lolote. Ukumbi ulinyamaza. Sikuwa nimetegemea hilo; nilitegemea makofi.

Majaji waliniita kwa maswali kabla ya kutangaza. Mmoja alisema wazi kwamba makoti namba nne na namba sita hayatofautiani ila kwa rangi, na ni kweli, nilichoka. Mwingine akauliza mvaaji afanye nini asipokubaliana na jina lililoko mgongoni mwake. Niliwasimulia yaliyotokea nyuma ya pazia nusu saa kabla, bila kutaja ni nani, nikasema kwamba sina jibu bora kuliko lile alilolitoa yule msichana. Tumepewa tuzo ya kwanza. Nimeandika “tumepewa” makusudi: fundi alikuwa amesimama mlangoni akiwa na kanzu iliyopigwa pasi, na jina lake halikusomwa.

Jumamosi, 3 Agosti

Duka moja limeagiza makoti arobaini ya namba mbili, lile la samawati lenye “Kawia ufike”, kwa saizi tatu. Nilikubali kwa simu kabla ya kufikiri. Siku tatu zilizofuata nimezitumia kuitafuta doti hiyo Mtaa wa Uhuru, nikapata moja tu, tena yenye mwinamo. Kanga huchapwa kwa toleo. Toleo likiisha, kinachokuja ni jina jipya na maua mapya, na mwanamke aliyeikosa anaambiwa awahi mara nyingine. Ningeweza kuagiza kiwandani ichapwe yangu, lakini kiwango cha chini wanachokubali kuchapa kinazidi zawadi yote ya shindano.

Nimeirudisha oda. Mwenye duka hakufurahi, na sikumtegemea afurahi. Nimempa pendekezo la pili, ambalo analifikiria: tusiuze koti, tuuze mshono. Mteja aje na doti yake mwenyewe, aliyoichagua kwa rangi yake na kwa maneno yake, nasi tumshonee ndani ya siku saba zikiwemo siku nne za kufua. Kwa namna hiyo anayesema atakuwa ni yeye.

Jumamosi, 14 Septemba

Mteja wa kwanza amekuja leo, mama wa makamo kutoka Temeke, akiwa na doti aliyopewa na binti yake na ambayo hakuwahi kuifungua. Nimekunjua, nikasoma “Mgeni njoo mwenyeji apone”, naye akacheka akasema mwanawe huyo hafiki nyumbani mpaka aitwe. Nimemweleza kuhusu mkato mmoja na kuhusu kufua, akakubali yote, akaomba tu mikono iwe mirefu kidogo kwa sababu ya kuswalia.

Baada ya kuondoka nimepima. Urefu ni 148, upana ni 104, na bado haijaingia majini. Nikitoa sentimita 45 za utepe na sentimita mbili zitakazorudi kwa kufuliwa, mwili wa koti utabaki na 57, hautamfikia mapajani. Mikono mirefu nayo inataka utepe mrefu kuliko huu. Nimetandika marekani mezani tena, fundi amechora kikwapa kikubwa zaidi kwa chaki, na Jumatatu tunajaribu kuongeza taharizi za kaniki ubavuni.